Noo au kabuki: mpenda vitambaa aanzie wapi?

Anayekwenda Japani kutazama vitambaa hushauriwa aende kwenye maigizo ya jadi, na ushauri huo ni sahihi. Baadhi ya hariri bora kabisa za nchi hiyo zilifumwa, zikatariziwa na kushonwa kwa ajili ya jukwaa. Shida ni kwamba maigizo yenyewe si ya aina moja, na mavazi yake yamebuniwa kwa fikra tofauti kabisa. Mwenye jioni moja tu mjini Tokyo, au mwanafunzi wa ubunifu wa mavazi anayetafuta pa kuelekeza masomo yake, lazima achague. Wagombea wakuu ni wawili: noo, ambayo kwenye tiketi na mabango utaikuta imeandikwa Noh, na kabuki.

Niseme msimamo wangu mapema. Vazi la noo ni kazi ya mfumaji: sehemu kubwa ya uzuri wake imekwisha kamilika kabla mkasi haujagusa kitambaa. Vazi la kabuki ni kazi ya mshonaji: kitambaa kizuri ni mwanzo tu, uhondo wenyewe uko kwenye namna lilivyounganishwa, linavyofumuliwa mbele ya macho ya watu na linavyogeuka vazi jingine. Ukijijua wewe ni mtu wa kitambaa au mtu wa vazi, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Kisa kimoja, magamba mamoja

Njia nyepesi ya kuona tofauti ni kuchukua kisa kinachochezwa pande zote mbili. Hekalu la Dojoji, katika mkoa wa Wakayama, lina hadithi ya kale ya msichana aliyempenda mtawa kijana. Mtawa akamkimbia, akajificha chini ya kengele kubwa ya hekalu. Msichana akageuka nyoka, akajizungusha kwenye kengele na kumteketeza mtawa kwa moto wa hasira. Noo wana mchezo uitwao Dojoji, unaoanza miaka mingi baadaye, kengele mpya inapozinduliwa na mcheza ngoma wa kike asiyejulikana anapofika hekaluni. Kabuki waliudaka mchezo huo wakaufanya ngoma ndefu ya takriban saa moja, Musume Dojoji, iliyochezwa mwaka 1753 na Nakamura Tomijuro wa Kwanza mjini Edo, ambao ndio Tokyo ya leo.

Katika noo, mwigizaji mkuu huvaa tabaka juu ya tabaka. La ndani ni surihaku, vazi la hariri lililopigwa chapa ya pembetatu za dhahabu au fedha zilizopangana mstari kwa mstari. Pembetatu hizo ni magamba ya nyoka. Kiunoni huzungushiwa nuihaku, vazi la tarizi na karatasi ya dhahabu, mara nyingi jeusi lenye mapambo ya duara. Mtazamaji mzoefu akiona kipande kidogo tu cha pembetatu pale kifuani, amekwisha elewa: nyoka yumo ndani tangu mwanzo. Baadaye mcheza ngoma anajirusha chini ya kengele, kengele inaanguka, na mwigizaji akiwa peke yake gizani humo, bila msaidizi yeyote, anabadili kinyago na kurekebisha mavazi. Kengele inapoinuliwa anatokea akiwa na kinyago cha hannya, chenye pembe mbili na meno ya dhahabu, na magamba sasa yako wazi. Hakuna aliyeona mabadiliko yakitokea.

Kabuki hufanya kinyume. Mabadiliko ndiyo mchezo wenyewe. Mcheza ngoma, ambaye ni mwanamume aliyebobea katika kuigiza wanawake, anaonekana na kimono nyekundu yenye maua ya micheri yanayoning'inia. Muziki unageuka, na kufumba na kufumbua amevaa buluu ya maji. Rangi hufuata rangi. Mwisho anapanda juu ya kengele, na hapo ndipo magamba ya fedha yanapofunuliwa, ukumbi mzima ukishangilia. Pembetatu ni zilezile. Noo imezificha ndani ya ukosi tangu mwanzo, kabuki imezilimbikiza hadi dakika ya mwisho.

Noo: kazi iko kwenye kitanda cha kufumia

Noo ilishika umbo lake katika karne ya 14, mikononi mwa Kan'ami na mwanawe Zeami, chini ya ulezi wa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimitsu. Mwanzoni waigizaji hawakuwa na mavazi maalumu. Wakuu waliofurahishwa na mchezo walivua nguo zao wakamtuza mwigizaji, naye akazivaa jukwaani. Hadi leo umbo la mavazi hayo ni la nguo za watu wa cheo, ila kadiri karne zilivyosonga, vitambaa vikazidi kuwa vizito na vya fahari kuliko nguo yoyote ya kawaida.

Mfalme wa vitambaa hivyo ni karaori. Ukiiona kwa mara ya kwanza utaapa kwamba ni tarizi. Maua yamevimba juu ya kitambaa, nyuzi zinang'aa, unaweza karibu kuyachuma. Lakini hakuna sindano iliyopita hapo. Mapambo yote yamefumwa: juu ya mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) wa msingi, mfumaji huongeza mishindio ya rangi, kila rangi ikipitishwa pale tu inapohitajika, na kuiacha irefuke juu ya uso wa kitambaa bila kuibana. Uzi wake haujasokotwa sana, kwa hiyo hutanuka na kujaa. Dhahabu nayo si uzi kama zari tuliyoizoea. Ni karatasi iliyopakwa lakeri, ikabandikwa dhahabu nyembamba, kisha ikakatwa vipande vyembamba kama nywele na kufumwa ikiwa bapa. Jinsi karatasi inavyopita kwenye kitanda cha kufumia bila kukatika ni jambo linaloweza kumkosesha usingizi mtu anayejua kazi hiyo.

Kuna ujanja mwingine wa kuutafuta. Tazama mgongoni mwa karaori nyingi utaona rangi ya msingi ikibadilika kwa miraba mikubwa: hapa nyekundu, pale nyeupe, pale kijani. Mtande wenyewe ulifungwa na kutiwa rangi kwa vipande kabla haujapandishwa kwenye kitanda. Mfumaji alilazimika kujua tangu siku ya kutia rangi mahali ambapo bega litaangukia.

Makao ya ufundi huu ni mtaa wa Nishijin, Kyoto, uliopata jina lake kutokana na kambi ya upande wa magharibi katika vita vya Onin vya 1467 hadi 1477. Vita vilipokwisha, wafumaji waliotawanyika walirudi wakafungua karakana palepale. Mtaa huo haukuganda katika ukale kama wageni wengi wanavyodhani. Mwaka 1872 Kyoto ilituma mafundi watatu Lyon, Ufaransa, kujifunza mashine ya Jacquard, ile inayoongoza nyuzi za mtande kwa kadi zenye matundu. Wawili walirudi na mashine. Wa tatu, Yoshida Chushichi, alikufa meli ilipozama njiani kurudi. Kwa hiyo ukiingia Nishijin ukakuta kadi zinazunguka juu ya kitanda cha kufumia, usisikitike kwamba mila imechafuliwa. Hiyo nayo sasa ni mila.

Kuvaa ni kazi ya pili, na hapa noo ina ukali wake. Mwigizaji havai mwenyewe. Wenzake, ambao nao ni waigizaji, humvika na kumkaza kwa kamba na mishono ya papo kwa papo, mpaka mwili unapotea na kubaki umbo tu. Kisha huketi mbele ya kioo katika chumba kilicho mwanzoni mwa daraja la kuingilia jukwaani, na hapo ndipo anapofungwa kinyago cha mti wa hinoki. Karaori ikivaliwa imefungwa kifuani ni mwanamke mtulivu. Mkono wa kulia ukivuliwa na kuning'inizwa nyuma, ni mwanamke aliyerukwa na akili au aliye kazini. Kitambaa ni kilekile, habari imebadilika.

Rangi nazo zina sheria. Karaori yenye nyekundu ni ya msichana. Isiyo na nyekundu hata kidogo ni ya mwanamke wa makamo na kuendelea. Ukosi mweupe ni wa hadhi ya juu. Ndani ya sheria hizo mwigizaji mkuu ana uhuru ambao mbunifu wa mavazi wa kwetu angeuonea wivu: yeye mwenyewe ndiye anayeamua, kwa onyesho lile, atavaa karaori ipi na kinyago kipi kutoka hazina ya nyumba yake. Mchezo uleule mwezi ujao unaweza kuonekana tofauti kabisa.

Kabuki: kazi iko kwenye sindano, na kwenye uzi unaovutwa

Kabuki ni mtoto wa mtaani. Ilianza mwaka 1603 Kyoto kwa ngoma za mwanamke aitwaye Okuni. Serikali ikawapiga marufuku wanawake jukwaani mwaka 1629, na wavulana mwaka 1652, ndipo wanaume watu wazima wakabeba sehemu zote. Noo ilivaa nguo za watawala kwa ruhusa yao. Kabuki ilivaa kile ambacho sheria ilisahau kukikataza. Mwaka 1683 serikali ya shoguni ilipiga marufuku nguo zenye tarizi za kifahari na zile zilizojaa madoadoa ya kanoko, ambayo hupatikana kwa kufunga hariri tone kwa tone kwa uzi kabla ya kuitia rangi. Watengenezaji wakageukia madoadoa ya kupiga chapa kwa karatasi iliyotobolewa. Maskini hakushindwa kuonekana tajiri, na jukwaani, kwa mbali, nani atajua?

Hilo neno "kwa mbali" ndilo ufunguo wa kila kitu. Ukumbi wa Kabuki-za, ulioko mtaa wa Ginza mjini Tokyo, unachukua watu wapatao 1,800. Jumba la Taifa la Noo huko Sendagaya, lililofunguliwa 1983, linachukua wapatao 600, na jukwaa lake ni mraba wa takriban mita sita kwa sita. Vazi la kabuki lazima lipige kelele hadi ghorofa ya juu. Ndiyo maana tarizi zake hujazwa pamba chini zikainuka kama sanamu, joka lote likitokeza mgongoni kwa uzi wa dhahabu. Ndiyo maana mahameli hutumika bila aibu. Na ndiyo maana mavazi ya mashujaa wa aragoto, mtindo wa uigizaji wa vishindo na mikogo, yamevuka mipaka ya akili. Katika mchezo wa Shibaraku, shujaa wa ukoo wa Ichikawa Danjuro hutoka na mikono ya nguo mikubwa kama matanga, ya rangi ya tunda la persimoni, kila mmoja ukiwa na nembo ya ukoo: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Ndani ya mikono mmetiwa vijiti vya kuikaza, na bado wasaidizi huishikilia shujaa anapojitunisha.

Halafu kuna Agemaki, kahaba mkuu katika mchezo wa Sukeroku. Mavazi yake yamebeba sikukuu tano za majira ya mwaka, miongoni mwa mapambo hayo yakiwamo haya: joho la mwaka mpya lenye misonobari, kamba takatifu na kambakoche, kisha mshipi mpana kama ubao ukiwa na samaki anayepanda maporomoko ya maji, kisha vipande vya karatasi za mashairi ya Tanabata, sikukuu ya nyota, kisha maua ya krisanthemamu. Nguo, wigi na viatu virefu vya mbao kwa pamoja ni makumi ya kilo, na mwanamume aliye ndani yake anatakiwa atembee kama aliyelewa kwa madaha. Mimi kwa upande wangu naona hapo ubunifu umefikia kilele, ingawa wapo watakaosema ni mbwembwe.

Lakini kinachomfanya mshonaji asahau kuondoka ni hikinuki. Nguo mbili huvaliwa moja juu ya nyingine. Ile ya juu haijashonwa kabisa: imepigwa bandi tu, kwa uzi mnene wenye kitufe mwishoni, mabegani, mikononi na kiunoni. Mwigizaji anacheza; msaidizi anamnyatia mgongoni, anachomoa nyuzi moja baada ya nyingine bila kukosea mapigo ya ngoma, na kwa pigo moja la mwisho nguo yote ya juu inaondoka. Uzi mmoja ukikwama, onyesho limeharibika. Ndugu yake ni bukkaeri: hapo nusu ya juu tu ndiyo iliyopigwa bandi, kamba za mabegani zikivutwa kitambaa kinaanguka mbele na nyuma na kuifunika nusu ya chini, bitana ikawa ndiyo nguo. Hutumika mtu anapofichua sura yake ya kweli, mchawi, mzimu, mwasi. Fundi yeyote wa cherehani wa Kariakoo anaweza kuelewa mbinu hiyo kwa kuitazama mara moja, na ndiyo sababu nasema kabuki inamfundisha mshonaji wa jukwaani mambo anayoweza kuanza kuyatumia mara tu arudipo nyumbani. Karaori haikupi nafasi hiyo. Inahitaji miaka ya kukaa kwenye kitanda cha kufumia.

Kabuki ilikuwa pia jarida la mitindo la zama zake. Katika miaka ya 1740 mwigizaji Sanogawa Ichimatsu alivaa suruali pana yenye miraba ya rangi mbili inayopishana, wanawake wa mjini wakaipapia, na miraba hiyo inaitwa ichimatsu hadi leo. Ndiyo iliyotumiwa katika nembo ya Olimpiki ya Tokyo 2020. Noo haijawahi kumvisha mtu wa sokoni.

Nani mwenye nguo, na ziko wapi za kale

Hapa tofauti inamhusu zaidi mtafiti. Mavazi ya noo ni mali ya koo na shule za waigizaji, ambazo ni tano kwa waigizaji wakuu: Kanze, Hosho, Komparu, Kongo na Kita. Zamani mabwana wa majimbo nao walikuwa na maghala yao. Utawala wa shoguni ulipoanguka mwaka 1868, noo ilipoteza walezi wake na mavazi mengi yakauzwa, ndiyo maana karaori nzuri hazipatikani Japani tu. Zipo pia katika makumbusho ya Boston, New York na ile ya Chuo cha Ubunifu cha Rhode Island. Nchini kwenyewe, Makumbusho ya Sanaa ya Tokugawa mjini Nagoya yana hazina ya tawi la ukoo uliotawala. Ukipenda kusimama mbele ya kioo nusu saa ukihesabu nyuzi, noo inakulipa.

Mavazi ya kabuki hutumika mpaka yaishe. Mengi hukodishwa, na mtoaji mkuu ni kampuni ya mavazi iliyo chini ya Shochiku, shirika lililoanzishwa 1895 ambalo ndilo linaloendesha kabuki. Onyesho likiisha nguo hufumuliwa, husafishwa, hushonwa upya. Kwa hiyo za kale ni haba. Zilizopo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo zina kisa kizuri: baadhi zilikuwa za Bando Mitsue, mwanamke aliyeigiza kabuki ndani ya majumba ya wakubwa, mbele ya wanawake ambao hawakuruhusiwa kwenda ukumbini. Jukwaa la hadharani lilimkataza, na bado nguo zake ndizo zilizodumu.

Usiwasahau wadogo wawili

Kyogeni, vichekesho vinavyochezwa jukwaa moja na noo, havina hariri nyingi. Watumishi wake huvaa kataginu, kizibao cha mabega mapana kilichofumwa kwa nyuzi za mbangi (za kusokota, si za kuvuta) na kupigwa mgongoni picha moja kubwa: figili, konokono, kigae cha paa. Aliyekulia kwenye kanga ataelewa papo hapo ule ujasiri wa kuweka picha moja katikati na kuiacha iseme. Uhusiano wenyewe haukuanza leo, kwani kabla viwanda vyetu havijashika kasi, kanga nyingi zilizovaliwa pwani ya Afrika Mashariki zilichapwa Japani.

Bunraku, maigizo ya vikaragosi yenye makao Osaka, ni kwa mwenye kupenda vipimo. Mwendeshaji mkuu humvika mwanasesere wake mwenyewe, kwa sindano na uzi, akiacha mwanya mgongoni wa kupitishia mkono. Wanasesere wa kike wengi hawana miguu. Pindo la kimono huchezeshwa kwa ngumi na wewe unaapa umeona hatua. Kama unafanya mavazi ya filamu za katuni au vikaragosi, ruka noo na kabuki, nenda Osaka.

Basi uende wapi

Mfumaji, mtarizi na mtia rangi: noo, bila kusita, kisha panda treni hadi Kyoto ukaone Nishijin. Mbunifu wa mavazi ya jukwaani, wa filamu, wa bendi: kabuki. Anayesomea historia ya mavazi nampeleka noo kwanza, kwa sababu ya makumbusho. Anayekwenda na watoto, au asiyestahimili ukimya mrefu, asijitese: noo ni ya polepole sana na kuna watu huisinzia wakiwa wameilipia.

Kuna jambo la kalenda ambalo huwaponza wengi. Mchezo wa noo kwa kawaida huchezwa siku moja tu, basi, ukiukosa umeukosa. Kabuki huchezwa mfululizo karibu mwezi mzima, na Kabuki-za huuza tiketi za kitendo kimoja kwa bei ndogo, ghorofa ya nne. Kwa hiyo panga safari kwa kufuata noo, kabuki itajipenyeza yenyewe. Angalia kwenye orodha kama kuna Musume Dojoji au Sagi Musume, ngoma ya korongo mweupe. Zote mbili zina hikinuki. Wakicheza maigizo ya maisha ya wafanyabiashara wa mjini, utaona kimono za kawaida za pamba na hariri, nzuri, lakini hazikukutoa Dar es Salaam.

Kuhusu kiti: ghorofa ya nne ya Kabuki-za utaona umbo na rangi, hutaona mshono, hivyo chukua darubini ndogo. Mwenye fedha anunue kiti cha chini kando ya hanamichi, ile njia inayokatiza katikati ya watazamaji, kwa sababu mwigizaji husimama hapo kujionyesha na tarizi inapita karibu na uso wako. Katika noo tafuta upande wa kushoto, unaotazama jukwaa kwa ubavu na ulio karibu na daraja. Wengi huukwepa kwa kuwa mchezo hauonekani kwa mbele, na bei yake huwa nafuu. Lakini mwigizaji anapoingia polepole kwenye daraja lile, mgongo wa karaori na miraba yake yote uko mbele yako, na hana haraka.